Somo yangu, nisaidie neno

Kampala, Jumapili usiku

Somo yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Asali uliyomkabidhi kondakta wa basi imefika salama, chupa haikumwaga hata tone. Ahsante sana.

Uliniuliza chama chetu cha sheria za kimataifa kinafanya nini hasa, maana kila ukipiga simu unaambiwa niko mahakamani. Ni kweli, ila ni mahakama ya mfano. Tunapewa kesi ya kubuni kati ya nchi mbili zisizokuwepo, tunaandika hoja za pande zote mbili, kisha tunasimama mbele ya mawakili na walimu wetu waliokaa kama majaji, nao wanatukatiza kwa maswali kabla sentensi haijakamilika. Mashindano makubwa ya namna hii, yale ya Jessup, yalianza mwaka 1960. Yale ya Afrika kuhusu haki za binadamu, yanayoandaliwa kutoka Pretoria, yapo tangu 1992. Mimi ninachokipenda zaidi ni huko kuandika pande zote mbili. Asubuhi unaitetea nchi, jioni unaishtaki, na ukishafanya hivyo mara kadhaa huwezi tena kumdharau aliyesimama upande wa pili.

Lakini kilichonikalisha macho hadi saa hizi ni kingine.

Mwaka huu tuliziacha nchi za kubuni tukachukua kesi yetu wenyewe, Kongo dhidi ya Uganda, iliyofunguliwa The Hague mwaka 1999. Hukumu ya kwanza ilitoka Desemba 2005, mimi na wewe tungali tunabebwa mgongoni. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema Uganda ilitumia nguvu dhidi ya jirani yake kinyume cha sheria, na kwamba majeshi yetu yalikuwa yameikalia Ituri, mashariki mwa Kongo. Februari 2022 ndipo fidia ikapangwa: dola milioni 325, zilipwe kwa mafungu matano, fungu moja la milioni 65 kila mwaka. Katika hizo, milioni 225 ni kwa madhara waliyopata watu, 40 kwa mali, na 60 kwa maliasili. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya bilioni 11.

Mimi nilipangiwa kuitetea Uganda. Kwa Kiingereza nilikuwa nimeiva. Kisha mwenzetu mmoja akasema, wiki ya Siku ya Kiswahili, tarehe 7 Julai, kwa nini tusiifanye kesi hii kwa Kiswahili, mbele ya Wakongo wanaoishi hapa hapa Kampala? Nsambya na Katwe wamejaa watu waliokimbia kutoka Bunia, mji mkuu wa Ituri, na vijiji vyake. Tukaazima ukumbi wa kanisa. Somo, tulikesha siku nne tukitafuta maneno. Nchi iliyokalia ardhi ya wengine tuiite nani? Mmoja akasema mvamizi. Nikakataa, na si kwa sababu nilikuwa upande wa Uganda. Kuvamia ni jambo moja, kukaa ukashika mamlaka juu ya watu ni jambo jingine, na wajibu wake ni mwingine. Tukabaki na "mkaliaji", neno ambalo bado linanikwaruza ulimini.

Siku yenyewe watu walijaa hadi mlangoni. Nilisimama nikasema hoja yangu kubwa: kwamba Mahakama yenyewe haikuona ushahidi wa kuaminika kuwa serikali ya Uganda ilikuwa na sera ya kupora dhahabu na mali za Kongo. Hiyo ni kweli, imo katika hukumu. Na mpinzani wangu akajibu ipasavyo: sera isiwepo, bado askari ni wa kwako, matendo yao ni yako, na uliyeikalia Ituri ulikuwa na "wajibu wa uangalifu", kwa Kiingereza duty of vigilance, wa kuzuia uporaji, hata wa makundi mengine.

Hapo mama mmoja muuza vitenge akanyoosha mkono. Hatukuwa tumepanga maswali kutoka kwa watu, lakini nani angemkatalia? Akauliza, kama askari wenu ndiye aliyekuwa mlangoni, nani alipaswa kukesha?

Kukesha! Siku nne tulikuwa tumelitafuta neno hilo. Uangalifu ni wa mtu anayevuka barabara. Kilichoandikwa kule The Hague ni kukaa macho usiku kwa ajili ya wengine.

Kisha akauliza la pili, na hili sikuwa na hoja nayo. Jina lake limeandikwa wapi katika hizo milioni? Ndugu zake wawili walikufa Ituri. Nilimweleza ukweli: mbele ya mahakama ile wenye kesi ni nchi tu, na fedha hulipwa na nchi kwa nchi. Majaji walikadiria watu ambao Uganda inawajibika kwa vifo vyao kuwa kati ya 10,000 na 15,000, na kwa kuwa ushahidi haukutosha kuhesabu kila mtu, walitoa kiasi kimoja cha jumla. Akaniuliza kama ndugu zake wamo katika elfu kumi au katika zile tano za juu. Sikujibu. Nilishuka jukwaani nikaenda kukaa karibu naye.

Wenzetu wa kutoka Gulu sasa wanataka kufanya vivyo hivyo kwa Kiacholi, juu ya amri ya fidia ya Februari 2024 katika kesi ya Dominic Ongwen, kamanda wa zamani wa waasi wa LRA aliyehukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai: euro 750 kwa kila mwathirika. Nimewaunga mkono kwa moyo wote.

Sisi tunaandika muhtasari wa hukumu zote mbili za Kongo na Uganda kwa Kiswahili, na hapo ndipo ninapokuhitaji, mwalimu. Je, "wajibu wa kukesha" litasimama mbele ya wanafunzi wako wa kidato cha tano bila maelezo? Na "mkaliaji", huko Arua lipo neno bora? Waulize na wazee wa sokoni, wale wanaovuka mpaka kwenda Ariwara, upande wa Kongo, kila wiki. Usinipe neno la kamusi tu.

Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi. Yule mama nimemwahidi nakala iliyochapwa, na ameniambia ataisoma mwenyewe.

Msalimie sana mama.

Wako,
Somo