Pindueni sahani kabla ya kuzifunga kwenye kontena

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na Watanzania wenzangu tunaoishi Marekani, hasa wale ambao, kama mimi, kila Jumamosi ya majira ya joto huzunguka mitaani kutafuta vyombo vya zamani ambavyo wenyeji huvitandaza mbele ya nyumba zao na kuviuza kwa bei ya kutupa, kisha tukavifunga kwenye kontena kuwapelekea jamaa zetu.

Ninakusanya vyombo vya kulia vya miaka ya 1930 hadi 1950, vile ambavyo wabunifu wa wakati huo walivivua maua na dhahabu, vikabaki na umbo na rangi tu. Hapa Ohio ninakoishi, ninayoipenda kuliko zote ni seti ya American Modern, iliyobuniwa na Russel Wright, mzaliwa wa jimbo hilihili, na kufinyangwa na kiwanda cha Steubenville Pottery kuanzia 1939 hadi 1959. Sahani zake hazina ukingo bapa, bali pembezoni zimejikunja juu kidogo kama jani linaloanza kunyauka, na ukizipindua utalikuta jina la Wright limeandikwa kwa mkato wa saini. Ni nzuri mno, lakini humeguka upesi. Mwenye nia ya kusafirisha afadhali atafute Casual, ambayo Wright huyohuyo aliibunia kiwanda cha Iroquois China mwaka 1946, kwa kuwa ilichomwa kwa moto mkali zaidi na ni imara.

Lililonifanya nishike kalamu, hata hivyo, ni vyombo vyekundu vya Fiesta. Vilianza kuuzwa 1936 na kiwanda cha Homer Laughlin cha West Virginia, na utavitambua kwa miduara iliyopangwa mmoja ndani ya mwingine ukingoni. Wekundu huo, ambao kwa macho yangu ni rangi ya chungwa lililoiva kupita kiasi, ulitokana na oksidi ya urani, madini yanayotoa mionzi. Mwaka 1943 rangi hiyo ilisimamishwa kwa sababu serikali iliihitaji urani kwa shughuli za vita, ikarejea 1959 kwa kutumia urani iliyopunguzwa nguvu, na ikaendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. (Fiesta iliyorudi madukani mwaka 1986 haina urani, kwa hiyo isichanganywe na hiyo.) Wakala wa serikali ya Marekani wa kulinda mazingira anashauri vyombo hivyo vya zamani visitiwe chakula wala kinywaji, na vitu vichachu ndivyo vibaya zaidi, kwani uchachu huyavuta madini kutoka kwenye rangi.

Nami nilikuwa nimempelekea shangazi yangu Tanga bakuli jekundu la aina hiyo, nililolinunua kwa dola moja, bila kumweleza neno. Nilipokwenda likizo nikalikuta jikoni, limejaa achari ya ndimu, limefunikwa kwa kawa. Kosa lilikuwa langu peke yangu, na niliona haya kumwomba amwage achari aliyoianika juani kwa siku kadhaa. Aliimwaga, lakini bakuli alikataa katakata kulitupa. Aliniambia kwamba hata mabakuli ya kauri yaliyopachikwa zamani kwenye nguzo za makaburi ya kale ya Tongoni, karibu na Tanga, hayakuwekwa pale ili watu walie wali, akalisugua, akalipandisha kwenye kidaka cha sebuleni.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu: kila chombo kipinduliwe na alama yake isomwe kabla ya kufungwa, na chekundu cha zamani kikipelekwa kibandikwe karatasi chini, iandikwe kwa Kiswahili kwamba ni cha pambo, si cha chakula. Cha shangazi nimekwisha kukibandika.

Msomaji wako,
Columbus, Ohio