Jeneza si la walio hai: harambee ya jengo la dharura, Wasini

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kwa wana wa Wasini mlioko Mombasa, kuanzia Mji wa Kale hadi Kisauni na Likoni, na kwa kila jirani mwenye huruma.

Tunaandika kwa haya kidogo, maana jambo lenyewe ni la aibu. Msimu wa kusi uliopita mama mmoja wa kisiwani alishikwa na uchungu usiku. Wasini hakuna gari, mnajua, na machela haikuwapo. Vijana wakakimbilia msikitini, wakachukua jeneza, wakalitandika godoro na kumbeba nalo hadi pwani. Alipotambua amelalia nini, alilia ateremshwe. Maji yalikuwa yametoka, boti imesimama mbali, ikabidi wapite juu ya miamba kwa mwanga wa simu. Mama na mtoto ni wazima, alhamdulillahi. Lakini hata sasa bibi zake hawataki kuzungumzia usiku ule.

Baada ya hapo wazee waliita kikao, na kikao kikageuka ugomvi. Wavuvi walitaka banda la boti ya uokozi. Vijana walitaka chumba cha pampu ya moto. Akina mama walitaka mahali pa kumlaza mgonjwa anayengoja maji yajae. Kila kikundi kilitaka mlango wake na ufunguo wake! Ilichukua muda kukubaliana kwamba tunaofika kwenye ajali ni watu wale wale, na kwamba mafungu matatu ya fedha hatuna.

Ramani iliyopitishwa ni ya jengo moja la futi 40 kwa 24, juu ya mstari wa maji ya bamvua. Upande wa bahari una mlango mpana wa boti, na upande wa mji mlango wa kuingizia machela bila kuiinamisha. Katikati ni ukumbi mmoja wa pampu, majaketi ya kuokolea, redio, na mkokoteni mwembamba unaopita vichochoroni. Pembeni kuna chumba cha mgonjwa chenye taa za sola.

Fundi alituuliza swali lililotunyamazisha: moto ukishika makuti wakati wa kaskazi, na maji yametoka, mtauzima kwa kitu gani? Bahari imetuzunguka, na maji matamu ni haba. Ndiyo maana hatutaezeka makuti, ingawa wapo wanaosikitikia sura ya mji. Paa litakuwa la mabati yasiyoshika kutu upesi, na litateremsha maji kwenye jabia la lita 20,000. Kila milimita 10 za mvua zitatupa karibu lita 900, kabla ya zile zinazopotea. Bomba la kunywa litatolewa katikati ya kimo cha jabia, na la pampu chini kabisa. Kwa hiyo hata watu wakiteka mchana kutwa, nusu ya chini itabaki ya moto. Wanaotafuta sadaka jariya, ni hii hapa.

Nyinyi wa Mombasa hamhitaji kuelezwa bahari ni nini. Feri ilipopinduka Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994, tulipoteza watu 272. Na kule Uingereza, nchi yenye serikali tajiri, wanaozama huokolewa na RNLI, chama cha boti za uokozi kilichoanzishwa 1824, kinachoishi kwa michango. Wao hawakungoja serikali. Sisi tunangoja nani?

Gharama yote ni shilingi milioni 6.2. Kiwanja kimetolewa wakfu, na milioni 1.9 zimeshapatikana, nyingi kutoka kwa wavuvi ambao wenyewe hawana. Mlitutengenezea paa la madrasa, Mola awalipe. Wapo pia walioahidi siku ile na ahadi zao bado ziko hewani. Majina hatutayasoma. Mara hii.

Harambee itafanyika Kibokoni, ukumbi wa madrasa, Jumapili baada ya swala ya Alasiri. Mgeni rasmi hatukumwalika, kwa sababu hotuba humeza jioni yote. Walio mbali watume kwa M-Pesa kupitia mweka hazina wa tawi lao, na wadai risiti. Hesabu itasomwa kila mwezi baada ya swala ya Ijumaa na kubandikwa mlangoni, na fedha zitatolewa benki kwa saini tatu, mojawapo ya mwakilishi wa akina mama.

Asiye na fedha alete mikono: waashi, mafundi bomba na mafundi umeme tunawahitaji wote. Mwenye saruji au nondo asipeleke Shimoni, gati la bara tunakovukia, kabla ya kutuarifu, kwa kuwa jahazi hupakia maji yakijaa, na saruji ikilala gatini hunyeshewa.

Wabillahi tawfiq,
Kamati ya ujenzi