Barua kwa mwanangu: lile bakuli la dagaa

Mwanangu Salma,

U hali gani huko chuoni? Sisi hapa Columbus theluji imetufungia ndani siku mbili, nami nimeanza kuitazama upya ile komedi ya akina Huang, Fresh Off the Boat, tuliyokuwa tukiitazama sote ilipoanza kwenye televisheni ya ABC mwaka 2015.

Unawakumbuka? Wataiwani waliohama Washington D.C. kwenda Orlando mwaka 1995, baba kafungua mkahawa, tena si wa chakula cha kwao, wa nyama choma ya wachunga ng'ombe! Kisha akamwajiri Mzungu apokee wateja mlangoni, wasije wakashtuka. Baba yako alicheka pale mpaka machozi. Ana sababu zake, muulize.

Jessica, yule mama, ni mimi mtupu. Mtoto kaleta A tupu, yeye akaona shule ni rahisi mno, akaanza kumsomesha mwenyewe nyumbani. (Usinicheke.) Na yule bibi anasema Kimandarini, wajukuu wanamjibu Kiingereza, kama wewe na bibi yako wa Tanga kwenye simu: shikamoo moja, baada ya hapo kila mtu na lugha yake.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni yule mtoto wao mkubwa, Eddie, kufungua tambi zake shuleni, wenzake wakaziba pua. Zamani nilicheka. Wewe uliinuka ukaenda kunywa maji.

Eddie Huang mwenyewe, ambaye kitabu chake ndicho kilichozaa komedi hiyo, alilalamika hadharani kwamba televisheni imeilainisha mno habari ya kwao. Nilimwona hana shukrani. Juzi nikamfikiria tena. Kwenye komedi mtoto alirudi nyumbani akamwambia mama yake waziwazi kwamba anataka chakula cha dukani kama cha Wazungu, wakagombana, yakaisha. Wewe hukuniambia kitu. Nilikuwa nakufungia wali na dagaa wa nazi, na bakuli likirudi tupu, limeoshwa, linang'aa. Nami nikijisifu kwa shangazi zako: mwanangu anakula!

Mtoto wa miaka minane gani anaosha bakuli shuleni?

Ulikuwa unavimwaga wapi, mwanangu? Niambie tu, sikasiriki. Ukija likizo nitapika vilevile, na nazi ninayo tayari kwenye friza.

Mama yako