Povu la sabuni halitoshi kwa bomba la gesi lililokatwa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie mabomba ya gesi asilia yanayopita katika mitaa ya Dar es Salaam, Mtwara na Lindi. Kijiko cha mkandarasi wa barabara au wa maji kikikata bomba la plastiki, kila mtu anataka gesi irudi upesi. Kipande kipya kikishaungwa, ni rahisi kupaka povu la sabuni, kufungua vali na kufukia shimo. Tunapinga utaratibu huo.

Povu huonyesha uvujaji wa saa hiyo, kwa presha ya saa hiyo. Nguvu ya kiungo halipimi. Soketi ya kuyeyushwa kwa umeme, yaani kipande cha plastiki kinachounganisha ncha mbili za bomba, hushika vizuri pale tu ngozi ya juu ya bomba, kama robo milimita, imekwanguliwa pande zote na bomba ni kavu. Fundi akikwangua upande wa juu anaoufikia na kuacha upande wa chini wenye tope, kiungo kitashika juujuu. Siku hiyo povu halitatoa hata kiputo, lakini udongo ukishatitia na malori yakapita juu yake, kinaachia.

Kanuni za Marekani ziko wazi: kipande kilichobadilishwa hupimwa kwa presha ile ile inayotakiwa kwa bomba jipya mahali hapo. Kwa plastiki, ni angalau mara moja na nusu ya presha ya juu ya kazi, na isipungue psi 50, yaani kama baa 3.4 (psi na baa ni vipimo vya presha). Bomba la baa 4 basi lipimwe kwa baa 6. Kipande kinaweza kupimwa nje kabla ya kushushwa mtaroni, na hilo huokoa muda. Vinabaki viungo viwili vya mwisho tu, na hapo ndipo fundi bora awekwe na msimamizi asimame.

Kipimo chenyewe nacho hudanganya. Bomba lililojazwa hewa mchana likiwa na nyuzi 45, likisomwa jioni likiwa na nyuzi 30, geji itashuka kutoka baa 6 hadi karibu 5.7 bila kuvuja popote. Hatari zaidi ni kinyume chake: ukianza asubuhi na kusoma saa saba mchana, joto linaficha uvujaji. Kwa hiyo joto la bomba liandikwe pamoja na presha. Plastiki pia hutanuka kidogo mwanzoni, basi iachwe itulie kabla ya kuanza kuhesabu muda. Ncha zizibwe kwa vifuniko, si kwa vali, kwa sababu vali inayopitisha kidogo itavuruga majibu yote. Geji ya baa 100 haifai kupimia baa 6. Mshale hautaonyesha upungufu mdogo. Na watu wasogezwe mbali, maana hewa iliyobanwa ikiachia hurusha kifuniko kama risasi.

Mabomba makubwa ya chuma yana masharti yake: hupimwa kwa maji inapowezekana, na kwa yale yanayofanya kazi kwa asilimia 30 au zaidi ya uwezo wa chuma kuvumilia mkazo, kanuni hizo hizo zinataka presha ishikiliwe saa 8. Viungo vya mwisho visivyoweza kupimwa vipigwe eksirei.

Tarehe 9 Septemba 2010, bomba la inchi 30 lililipuka San Bruno, California. Watu 8 walikufa na nyumba 38 ziliteketea. Sehemu iliyopasuka ilikuwa imewekwa mwaka 1956 wakati njia ya bomba ilipohamishwa, ikiwa na mshono mbovu wa kulehemu. Haikuwahi kupimwa kwa maji.

Tunaiomba EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, idai karatasi ya kipimo kwa kila bomba lililokatwa na kuungwa: mahali, tarehe, presha na joto la mwanzo na la mwisho, namba ya geji, jina la aliyeunga na la aliyesimamia. Bila karatasi hiyo, vali isifunguliwe.

Mafundi wa mabomba ya gesi,
Dar es Salaam