Dada, najua daftari la mwanao ni jeupe

Dada yangu, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti wa Ijumaa usiku nimeusikiliza mara mbili. Umefungua daftari la hisabati la mwanao, wiki nzima hakuna tiki hata moja, ukauliza kama siku hizi walimu wa Moshi tunalipwa kwa kuchezesha watoto maji. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wazazi wengine wameniuliza hilohilo getini, tena kwa maneno makali kuliko yako.

Kweli hatukuandika sana. Jumanne niliwaambia walete chupa tupu za maji za nusu lita. Mimi nikabeba sado yangu ya bati, ile niliyoachiwa na muuza maharage mmoja sokoni, ambayo napimia mchele nyumbani. Nilitaka wajionee kwamba sado ni lita nne, na sado tano zinajaza debe. Chupa nane, basi, tumemaliza. Tukatoka kwenda bombani, Darasa la Nne zima, watoto 72, kelele kama mnadani. Mmoja anamimina, wengine wanahesabu. Ilipoisha chupa ya saba, sado ilikuwa imejaa pomoni. Ya nane ikanimwagikia viatuni.

Nikajua wamekosea kuhesabu. Tukarudia. Saba.

Mwanao ndiye aliyeipindua na kupapasa kitako. Kimegongwa kikaingia ndani, kazi safi kabisa, ukiitazama kwa juu huoni kitu. "Mama mdogo, umepigwa!" (Shuleni huwa ananiita mwalimu. Siku hiyo alisahau, na mimi sikuwa na uso wa kumrekebisha.)

Hapo somo likanitoka mikononi. Kila sado inapungua chupa moja, kwa hiyo anayenunua tano akidhani kapata debe kakosa chupa tano, lita mbili na nusu. Sikuwafundisha mimi kuzidisha nusu kwa tano, walizidisha wenyewe kwa hasira. Mtoto mmoja ambaye mama yake anauza nyanya alikaa kimya muda wote. Huyo sikumuuliza swali.

Jumatano tulichomeka fimbo uwanjani tupime kivuli, lakini unaujua Julai wa kwetu, wingu lilishuka mpaka mchana. Alhamisi jua likatoka. Kila baada ya dakika kumi mtoto anaweka kokoto kwenye ncha ya kivuli. Wao walishakariri kwamba kivuli hufupika kabisa saa sita kamili. Chetu kiliendelea kufupika hadi saa sita na nusu ikapita! Kumbe saa zetu zinafuata mstari wa digrii 45 mashariki, ambao kwa usawa wetu uko mbali baharini, na Moshi tupo kwenye 37. Kila digrii ni dakika nne, piga hesabu mwenyewe. Kisha kuna aliyeuliza kwa nini kivuli kinaupa Mlima Kilimanjaro kisogo. Nikawaambia Januari tutarudi na fimbo ileile waone kitakavyoelekea Kibo, kilele chake. Sijui kama watakumbuka. Mimi nimeandika ukutani.

Sikudanganyi kwamba kila wiki itakuwa hivi. Mwisho wa mwaka kuna upimaji wa taifa, na hakuna msahihishaji atakayewauliza kuhusu kitako cha sado. Jumatatu narudi kwenye chaki na tiki zako utaziona.

Jambo la mwisho ni ile chupa iliyokatwa, yenye pamba na maharage, aliyoiweka mwanao dirishani kwako. Najua inanuka. Punje tatu zimeoza kwa sababu alizimwagilia kila kengele ya mapumziko, lakini ya nne imetoa mzizi. Usiitupe kabla ya Jumatano, ana zamu ya kuja kuipima.

Mdogo wako,
Mwalimu