Nilipita Nakuru Bila Kukupigia

Manyatta, Kisumu
Jumanne usiku

Ndugu yangu Wafula,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi wazima, ila mama mkwe goti linamsumbua tena na mvua imekataa kukatika. Mpe mzee shikamoo yangu, mwambie ile dawa sijaisahau.

Haya, najua ushaambiwa. Dadako aliniona pale stejini Nakuru Jumapili ile, saa mbili usiku, nimeshika yai la kuchemsha na kachumbari inanidondokea kwenye begi. Na mimi nilimwona. Nikampa mgongo nikajifanya nasoma nauli zilizobandikwa kwenye kioo cha matatu. Mtu mzima na ndevu zangu! Dakika kumi kutoka kwako, na tulikuwa tumeagana kwamba nikitoka Nairobi nalala kwako, kuku anachinjwa. Sasa wiki ya pili hii umenuna, nami nimenyamaza, na jana Barasa ananiambia unasema nimeota pembe tangu nipate mkanda mweusi wa karate.

Sikuupata, bwana. Ndiyo maana sikukupigia.

Ngoja nikueleze kwa barua, maana kwa simu utaanza kucheka kabla sijafika katikati.

Kambi ilikuwa Ijumaa na Jumamosi, mtihani Jumapili. Wewe ulishapita njia hiyo mara mbili lakini nadhani umesahau joto lake. Hapa nyumbani mtihani wa kyu, zile daraja za kabla ya mkanda mweusi, ni mtu mmoja mwenye leseni, kiti cha plastiki na daftari, na watoto anawajua hadi majina ya mama zao. Kule ni meza nzima: watahini watatu, kila mmoja na karatasi yake, na hakuna anayekujua wala anayetaka kukujua. Unabandikwa namba kifuani. Mimi nilikuwa 14.

Kihon, zile mbinu za msingi, ilienda salama. Kwenye kumite, pambano la wawili, nilipangwa na jamaa mmoja mrefu wa Thika aliyejipaka dawa ya misuli hadi macho yananiwasha. Ngumi yake moja ikanigusa mdomo, akaonywa, tukaendelea. Halafu kata, ule mfululizo wa hatua unaoufanya peke yako. Bassai Dai unajua nimeipika miezi minne, uani, usiku, hadi mke wangu anajua ni wapi ninapopiga kelele na akianza kukaanga vitunguu anaisubiri. Nikaifanya. Sijisifu, lakini siku hiyo ilitoka. Kiai, ule ukelele wa mwisho, ilirudi kutoka ukutani. Nikainama, nikangoja kuambiwa nikae.

Mzee wa katikati hakuinua hata macho. Akasema tu, "Heian Sandan."

Wafula, nilitaka kutabasamu. Heian Sandan! Hii tunayowapa watoto wanaotafuta kyu ya 6. Ninaifundisha kila Jumamosi asubuhi. Heian zote tano mzee Itosu alizitunga kule Okinawa, kisiwa cha Japani karate ilikotoka, mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya wanafunzi wa shule, zikiitwa Pinan, ndipo mwanafunzi wake Funakoshi akaja kuzibadilisha jina. Kwa hiyo nilikuwa nimeombwa kata ya wanafunzi. Nikaitaja kwa sauti, nikavuta pumzi, nikageuka kulia.

Kulia!

Heian zote zinaanza kushoto. Hata yule wa mwisho wa Mama Atis, mwenye miaka 7, anayefunga mkanda kama kamba ya mbuzi, anajua kwamba zinaanza kushoto. Na ubaya ni kwamba sikushtuka. Ningeshtuka ningesimama, ningeomba radhi, labda wangenipa nafasi. Mimi nikaendelea na raha zangu, hatua zote 20, viwiko, mateke ya kukanyaga, hadi ule mwisho wa kuteleza upande, na nao nikatelezea upande usio wake. Nikamaliza palepale nilipoanzia, safi kabisa, kata nzima imepinduliwa kama fulana iliyovaliwa ndani nje. Nilijua kuna jambo nilipomwona mzee amelaza kichwa begani kama anayesoma gazeti la juu chini.

Jioni tukapangwa mstari, wakasoma namba. "Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na tano." Kumi na tatu alikuwa binti wa Mombasa, akaruka. Mimi bado nimesimama wima nikidhani wamesahau moja.

Baadaye mzee akaniita pembeni. Akaniuliza, "Unafundisha?" Nikasema ndiyo. "Watoto?" Ndiyo. Akaguna. Akasema nirudi baada ya miezi 6, akaenda kunywa chai. Basi. Hilo guno nimelala nalo hadi leo.

Maana alikuwa ameshaelewa kabla yangu. Mimi nilikuja kuelewa nikiwa ndani ya matatu, tumepita Naivasha. Miaka mitatu sasa nasimama mbele ya watoto nikiwaelekea, na ili wasichanganyikiwe nawafanyia kioo: wao wakienda kushoto, mimi naenda kulia. Miaka mitatu, Wafula! Na katika hiyo miaka mitatu ni lini nimeifanya Heian Sandan yangu mwenyewe, nikiwa peke yangu, ukuta mbele? Bassai Dai ndiyo, kwa sababu ni ya mtihani. Zile nyingine niliziona ni za watoto, nikazitoa mwilini mwangu nikawaachia.

Sasa unamkumbuka Mzee Kazi-Bado? Alivyokuwa akitufundisha kata ametupa mgongo, nasi tukasema ana maringo, tena wewe ndiwe uliyekuwa ukimwiga? Hayakuwa maringo. Alikuwa akienda nasi upande mmoja. Anageuza shingo tu kutazama nani amepotea. Nimelifikiria hilo kuanzia Naivasha hadi Salgaa, na Nakuru ilikuwa hapo katikati. Sikuwa na uso wa kukuonyesha.

Watoto wenyewe, cha kuchekesha, wako sawa. Jumamosi iliyopita niliwaangalia mmoja mmoja, 26, wote wanaenda kushoto. Ni mimi tu niliyepinduka. Nimeanza kuwafundisha nikiwapa mgongo, na papo hapo wale wa nyuma wakaanza kurushiana viatu. Nitazoea. Tena katoto kamoja kaliniuliza swali ambalo sijapata jibu. Tukishapiga magoti kusema zile ahadi za dojo, ukumbi wetu wa mazoezi, akasema, "Mwalimu, mbona zote tano ni 'hitotsu', yaani ya kwanza? Ya pili iko wapi?" Nikamwambia hakuna ya pili, zote ni ya kwanza. Akanitazama kama anayedaiwa.

Jambo lenyewe linalonikera ni Desemba. Shirikisho limeleta fomu za mtihani wa watoto, na mwalimu ndiye anayetia sahihi kwamba mtoto yuko tayari. Miezi 3 kati ya kyu moja na nyingine, hilo wazazi wamelikariri kuliko mimi. Kuna baba mmoja hapa (unamjua, yule wa pikipiki nyekundu) anahesabu miezi kama mkopo. Mwanawe yuko kyu ya 8 na anataka apande hadi ya 6 moja kwa moja kwa sababu binamu yake ana mkanda wa kijani. Nikamwambia hizi kyu zinahesabiwa kurudi nyuma hadi 1, ndipo unaanza kupanda dan, daraja za mkanda mweusi, hakuna njia ya mkato. Akasema, "Lakini nimelipa." Nikamweleza kwamba hata hivi vyeo havikutoka Okinawa. Kano wa judo ndiye aliyeanza kutoa dan miaka ya 1880, karate ikaazima kwake, na Funakoshi alitoa dan za kwanza mwaka 1924, miaka miwili tu tangu aingie Tokyo. Kabla ya hapo watu walipigana karne nzima bila mkanda wa rangi. Baba akanisikiliza vizuri sana, akauliza, "Kwa hiyo kijani ni pesa ngapi?"

Ninacheka, lakini kabla ya Nairobi ningeitia sahihi fomu yake. Ningeitia, usinibishie. Kalamu sasa inaniganda mkononi.

(Wale vijana wa Kondele wa karate ya mashindano, wa glavu nyekundu na buluu, bado wanatutania kwamba karate ya kwetu ni ya makaburini. Niliwauliza Olimpiki yao iko wapi, maana ilichezwa Tokyo mwaka 2021, na Paris 2024 haikuwepo. Wakanyamaza kidogo. Lakini miguu yao ni myepesi, hilo siwanyimi.)

Basi, omera, nina ombi, na unajua ningekuwa na mwingine nisingekuja kwako nikiwa bado na aibu. Leseni yako ya kutahini inafika mkanda wa kijani. Njoo uwatahini hawa 26 badala ya mimi kumlipia nauli mtu wa Nairobi asiyewajua. Uwakatae wasiofaa, hata yule wa pikipiki nyekundu, nami nitasimama nyuma yako. Halafu uje mapema, Ijumaa, jioni tuingie ukumbini kwaya ikishatoka, unisimamie Heian zote tano kuanzia ya kwanza. Na ile kata ya Tekki pia. Simama nyuma, usiseme kitu, nikigeuka vibaya nipige na mkanda. Kumite ndiyo sina mtu kabisa. Barasa tangu lile goti hafai, na hapa wa kahawia tumebaki wawili tu, wa pili amepata kazi ya usiku.

Sakafu bado ni ileile ya saruji. Nimeongeza mikeka miwili. Sami, wale wadudu wa ziwani, wakitoka tunafunga madirisha, ndipo tunaiva kama mandazi.

Sasa nijibu: unaweza wiki ya kwanza ya Desemba au ya pili? Leseni yako uliihuisha mwaka huu, au nitapata aibu nyingine? Ile gi yako nzito ya mazoezi bado inakutosha, kwa nilivyosikia habari za tumbo lako? Wewe mtihani wako wa nidan, dan ya pili, walikuitisha kata gani, mbona hujawahi kuniambia? Mzee Kazi-Bado namba yake unayo? Nataka nimpigie, lakini nitaanzaje? Dadako alisema nini hasa, aliliona na lile yai? Omena nikuletee kilo ngapi, za Dunga au unataka zile kavu za Kibuye?

Na kuku, mlimla au bado anatembea?

Wako,
Odhis (namba 14)