Makato yangu yaliishia wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu urejeshaji wa mikopo ya elimu ya juu. Mimi ni mwalimu wa hesabu katika sekondari ya binafsi mkoani Morogoro. Bila mkopo wa serikali nisingekanyaga chuo. Baba alikuwa mkulima wa mpunga na kwetu tulizaliwa saba. Kwa hiyo siombi kusamehewa. Dawa ya deni ni kulipa, na nimelipa.

Shule niliyoanzia kazi ilinipa mshahara wa msingi wa shilingi 600,000. Kila mwezi, chini ya makato ya hifadhi ya jamii, hati yangu ya mshahara ilikuwa na mstari huu: mkopo wa elimu ya juu, 90,000. Ndiyo ile asilimia 15 iliyokuja na marekebisho ya sheria ya mwaka 2016. Zamani ilikuwa 8. Kwa mwalimu wa laki sita, 90,000 ni kodi ya chumba na mtungi wa gesi. Nikavumilia, nikijua deni linapungua.

Baada ya miezi 19 nilihamia shule nyingine, nikaomba taarifa ya deni langu. Ikaonyesha malipo ya miezi 7 tu. Usiku ule nilitoa bahasha ya kaki ninamotunzia hati zangu, nikazipanga zote 19 kitandani, nikajumlisha mara mbili. Shilingi 1,080,000 zilikatwa kwangu na hazikufika. Nilipomfuata mhasibu wa shule ile, akanijibu kwa upole kabisa: "Mwalimu, ada zilichelewa, ikabidi tununulie chakula cha bweni." Fedha zangu hizo, Mhariri.

Sheria inamtaka mwajiri awasilishe makato ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha. Asipowasilisha, anayesomeka mdaiwa ni mimi, na mjomba aliyekubali kunidhamini anaingia katika aibu asiyoijua chanzo chake.

Nashukuru kwamba mwaka 2021 Rais Samia aliondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, na adhabu ya asilimia 10 ya ucheleweshaji nayo ikafutwa. Nilishangilia kama wengine. Lakini nafuu hiyo haigusi fedha iliyokwisha kutoka mfukoni mwa mtu ikapotelea njiani.

Ninachoomba ni hiki: hati ya mshahara inayoonyesha makato ihesabiwe kuwa risiti. Mwezi niliokatwa usomeke nimelipa, kisha serikali imdai mwajiri, maana yeye ndiye aliyeishika fedha, na serikali ina mkono mrefu kuliko mwalimu. Na kila makato yakipokelewa, mkopaji atumiwe ujumbe wa simu siku hiyohiyo. Kwenye kikoba cha mama yangu mdogo kule Kilosa, ukitoa hisa yako mhuri unagongwa kwenye kitabu mbele ya wanachama wote, hujarudi hata kuketi. Ningetumiwa ujumbe tangu mwezi wa kwanza uliokosekana, ningeuliza wakati fedha bado ni 90,000.

Wiki iliyopita nilimpelekea mkuu wa shule ile barua ya tatu, nikaambatisha nakala za hati za miezi 12. Sijajibiwa.

Mwalimu,
Morogoro